Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Grafu Dhana na Utafutaji wa Habari kwa Maana

Maswali haya yameulizwa kwa nyakati mbalimbali na wakutubi, wanafunzi wa vyuo na maafisa wa ugani wa Kisumu na maeneo jirani, waliokuja kuona tunavyojaribu kupanga upya hazina ndogo ya hati za Kiswahili kuhusu uvuvi na kilimo cha ukanda wa ziwa na Bonde la Ufa. Mifano yote ni ya huku kwetu. Nadharia imetoka mbali zaidi.

Kwani kutafuta kwa maneno kuna kasoro gani?

Kwa kazi nyingi hakuna kasoro, na hatuna nia ya kuubeza utafutaji huo. Anayetaka hati zote zinazotaja ufukwe wa Dunga, Kisumu, hahitaji mchoro wowote. Tatizo huanza pale maneno yaleyale yanapobeba habari tofauti. Fikiria vichwa vitatu: "Maji ya Nakuru yapanda", "Bei ya maji Nakuru yapanda" na "Wakulima wa Nakuru wapanda kabla ya maji kupungua". Cha kwanza kinahusu ziwa kufurika, cha pili bili za nyumbani, cha tatu mbegu zilizotiwa ardhini. Mashine inayohesabu maneno huona "maji", "Nakuru" na "panda" katika vyote vitatu, na haina sababu ya kukitanguliza kimoja mbele ya vingine.

Kuna mfano mkali zaidi, wa samaki wawili wa Ziwa Victoria: "Mbuta alimla ngege" na "Ngege alimla mbuta". Maneno ni yaleyale, ila habari zinapingana, na si jambo dogo, kwani sehemu kubwa ya historia ya Ziwa Victoria tangu mbuta alipoletwa miaka ya 1950 hutegemea kujua nani alimla nani. Mfumo wa vekta, unaoigeuza kila hati kuwa orodha ya namba za uzito wa maneno yake, uliofafanuliwa na Gerard Salton na wenzake mwaka 1975, pamoja na wazo la Karen Spärck Jones la mwaka 1972 kwamba neno adimu lipewe uzito kuliko neno lililotapakaa, umebaki msingi wa injini nyingi za utafutaji, na haukukusudiwa kabisa kutofautisha sentensi hizo mbili.

Grafu dhana ni nini?

Ni mchoro wenye nodi za aina mbili. Visanduku huwakilisha dhana, yaani watu, vitu, mahali, matendo na hali. Maduara huwakilisha mahusiano baina ya dhana hizo. Kisanduku hakiungwi moja kwa moja na kisanduku kingine: sharti mshale upitie kwenye duara, na duara litaje ni uhusiano wa namna gani. Pasipo nafasi ya kuchora, grafu huandikwa kwa mstari, visanduku vikiwa mabano ya mraba:

[MBUTA] ← (mtenda) ← [KULA] → (mtendwa) → [NGEGE]

Kisanduku kina sehemu mbili. Ya kwanza ni aina, na ya pili, ikiwapo, humtaja mhusika mahususi. Kwa hiyo [ZIWA: Nakuru] si sawa na [JIJI: Nakuru], wala si sawa na [KAUNTI: Nakuru]. Utengano huu peke yake umetuondolea usumbufu mwingi, hasa kwa kuwa Nakuru ilipandishwa hadhi kuwa jiji mwaka 2021 na hati za kabla ya hapo huiita mji au manispaa. Kisanduku kisicho na jina husomwa kuwa "kuna mbuta fulani".

Aliyebuni utaratibu huu ni John F. Sowa, wakati huo akiwa mtafiti wa IBM, ambaye mwaka 1976 alichapisha makala kuhusu namna ya kumrahisishia mtu mazungumzo na hifadhidata, kisha mwaka 1984 akatoa kitabu kilichoieneza mbinu yenyewe. Msingi wa kimantiki aliuchota kwa Mmarekani Charles Sanders Peirce, ambaye mwishoni mwa karne ya 19 alikuwa ameonyesha kwamba mantiki inaweza kuandikwa kwa michoro badala ya alama za aljebra. Tangu mwaka 2007 grafu dhana zimo pia katika kiwango cha kimataifa cha lugha za mantiki, ISO/IEC 24707.

Je, Kiswahili kinafaa kuchorwa hivi, au mbinu hii ni ya Kiingereza?

Hili ndilo swali tunaloulizwa kuliko yote, kwa kawaida na mtu ambaye tayari amejijibu kwamba hakifai. Tunaona kinyume chake. Mwanafunzi wa shule ya upili aliyefunzwa shamirisho kipozi, kitondo na ala amekwisha kujua nusu ya kazi hii bila kuambiwa. Katika sentensi "Mama alimpikia mgeni ngege kwa sufuria", mama ni mtenda, ngege ambaye ni kipozi ni mtendwa, mgeni ambaye ni kitondo ni mtendewa, na sufuria ambayo ni ala ni chombo. Chora kisanduku cha KUPIKA katikati, toa mishale minne, na grafu imekamilika.

Zaidi ya hapo, kitenzi cha Kiswahili hubeba uhusiano ndani ya mwili wake. Tazama sentensi hizi tatu kuhusu omena, dagaa wa Ziwa Victoria:

Wavuvi waliwauzia wachuuzi omena.
Wachuuzi waliuziwa omena na wavuvi.
Wachuuzi waliwauzia wavuvi omena.

Ya kwanza na ya pili hutoa grafu moja, ya tatu hutoa grafu nyingine, ingawa mtu akihesabu maneno tu ataona kuwa ya kwanza na ya tatu ndizo zinazofanana kabisa. Kinachoamua ni viambishi. Kiambishi cha kauli ya kutendea hutangaza kwamba kuna mtendewa, na kile cha kutendwa hutangaza kwamba kiima si mtenda. Hapo ndipo wanafunzi wengi hukosea: kiima ni nafasi katika sentensi, mtenda ni nafasi katika tukio, na grafu hujali tukio. Kauli ya kutendesha nayo huongeza mhusika. Katika "Mfugaji alimlisha ng'ombe nyasi", anayekula ni ng'ombe, na mfugaji huingia kama msababishi.

Upatanisho wa ngeli pia ni msaada ambao lugha nyingi hazina. "Mvuvi alikipeleka chombo kwa fundi kwa kuwa kilikuwa kimetoboka": hakuna shaka ni nini kilichotoboka, kwa sababu ki- haiwezi kumrejelea mvuvi wala fundi.

Matatizo yapo, bila shaka. Si kila kitenzi kinachoishia kwa -ea au -ia kimenyambuliwa. Tembea haitokani na "temba", wala ingia haitokani na "inga", na programu isiyopewa orodha ya mashina itazua vitenzi visivyokuwapo. Neno "na" ni balaa zaidi. Katika "waliuziwa omena na wavuvi" humtambulisha mtenda, katika "omena na ngege" huunganisha, na katika "alikuja na mashua" huonyesha kuandamana. Programu yetu iliwahi kusoma sentensi ya pili ya hapo juu kuwa wachuuzi waliuziwa omena pamoja na wavuvi wenyewe. Tulicheka, kisha tukaongeza kanuni kwamba kitenzi kikiwa katika kauli ya kutendwa au kutendewa, jina la kwanza lenye uhai baada ya "na" lijaribiwe kwanza kama mtenda.

Mashine hulinganishaje ombi na hati?

Ombi la mtafutaji hugeuzwa kuwa grafu, na kila hati huwa imekwisha kugeuzwa kuwa grafu. Kisha mashine hujaribu kuipachika grafu ya ombi juu ya grafu ya hati: kila kisanduku cha ombi kipate kisanduku katika hati chenye aina ileile au aina iliyo chini yake katika ngazi ya aina (mpangilio unaoonyesha aina ipi iko chini ya ipi), na kila uhusiano ubaki ukiunganisha vitu vilevile kwa mpangilio uleule. Ikiwezekana, hati inajibu ombi.

Mtu akiuliza "Samaki yupi humla samaki mwenzake?", grafu ya ombi lake ni [SAMAKI] ← (mtenda) ← [KULA] → (mtendwa) → [SAMAKI]. Hati isemayo mbuta alimla ngege itapatikana, hata kama neno "samaki" halimo ndani yake mahali popote, kwa sababu ngazi ya aina inasema mbuta yuko chini ya samaki na ngege vilevile. Kinyume chake hakikubaliki. Aliyeuliza kuhusu mbuta hapewi hati inayosema "samaki" tu na kuambiwa ndilo jibu, maana kila mbuta ni samaki lakini si kila samaki ni mbuta.

Upachikaji huu una uzito wa kimantiki. Mwaka 1986 C. J. van Rijsbergen alipendekeza kwamba umuhimu wa hati kwa ombi utazamwe kama swali la mantiki: je, yaliyomo katika hati yanathibitisha ombi? Sowa alikuwa ameonyesha kwamba grafu moja ikipachikika juu ya nyingine, basi ile ya pili inathibitisha ya kwanza. Mwaka 1992 Michel Chein na Marie-Laure Mugnier wa Montpellier, Ufaransa, wakakamilisha upande wa pili kwa grafu zilizosawazishwa, yaani zile ambazo mhusika mmoja hana visanduku viwili.

Na hati inayokaribia jibu bila kulifikia?

Upachikaji pekee hujibu ndiyo au hapana, na mtafutaji wa kweli hataki hakimu wa namna hiyo. Anataka hati zipangwe kuanzia inayofaa zaidi. Njia tunayoitumia ni ile iliyoelezwa na Manuel Montes-y-Gómez, Aurelio López-López na Alexander Gelbukh wa Meksiko mwaka 2000, ambayo hutafuta kwanza sehemu ambayo grafu mbili zinashiriki, kisha hupima mambo mawili: dhana zilizoshirikiwa ni ngapi, na mahusiano yaliyoshirikiwa ni mangapi. Vipimo vyote viwili vinafuata kanuni ya Dice ya mwaka 1945, yaani mara mbili ya vilivyoshirikiwa, kugawanya kwa jumla ya vilivyomo pande zote mbili. Kwa upande wa mahusiano, yanayohesabiwa ni yale tu yanayogusa sehemu iliyoshirikiwa.

Tuseme ombi ni "wavuvi kuwauzia wachuuzi omena". Lina dhana 4, yaani KUUZA, MVUVI, MCHUUZI na OMENA, na mahusiano 3. Hati ya kwanza inasema "Wachuuzi waliuziwa omena na wavuvi ufukweni Dunga". Ina dhana 5 na mahusiano 4, kwa kuwa mahali pameongezeka. Dhana zilizoshirikiwa ni 4, hivyo ufanano wa dhana ni 8 kwa 9, takriban 0.89. Mahusiano yaliyoshirikiwa ni 3, hivyo ufanano wa mahusiano ni 6 kwa 7, takriban 0.86.

Hati ya pili inasema "Wachuuzi waliwauzia wavuvi omena ufukweni Dunga". Ufanano wa dhana haubadiliki hata kidogo, bado ni 0.89. Lakini mtenda na mtendewa wamebadilishana nafasi, na uhusiano uliobaki wa pamoja ni mmoja tu, ule wa omena, hivyo ufanano wa mahusiano huporomoka hadi 2 kwa 7, takriban 0.29. Alama ya mwisho ni ufanano wa dhana ukizidishwa kwa jumla ya sehemu mbili: sehemu isiyobadilika, na sehemu inayofuata mahusiano. Tukizipa uzito sawa wa 0.5, hati ya kwanza hupata 0.83 na ya pili 0.57. Hati ya pili haitupwi, kwa kuwa huenda mtafutaji akaihitaji, ila haipandi juu ya ile iliyojibu alichouliza.

Uzito huo wa 0.5 si amri. Kwa maswali ya "nani alimfanyia nani nini" tunaongeza upande wa mahusiano. Kwa mtu anayetaka tu kila kitu kuhusu omena, tunaupunguza.

Ngazi ya aina hutoka wapi?

Hapa ndipo kazi ilipo. Watu hudhani ugumu uko katika algorithimu, kumbe algorithimu huandikwa kwa wiki chache, ilhali ngazi ya aina haiishi. Wengi huelekeza kwenye WordNet, kamusi ya mtandao wa maana iliyoanzishwa Princeton na George Miller katikati ya miaka ya 1980. Ni hazina kubwa ya Kiingereza, na sehemu zake za juu, kama vile kiumbe, mnyama na chombo, tumeziazima bila aibu. Ila ukishuka hadi Soko la Kibuye, hapa Kisumu, haikusaidii tena.

Chukua samaki. Anayeitwa mbuta Kisumu huitwa sangara Mwanza. Hao ni kitu kimoja, na ngazi ya aina inapaswa kuwaweka katika kisanduku kimoja chenye majina mawili, ili swali la mchuuzi wa Kisumu lipate pia hati iliyoandikwa Tanzania. Ngege na sato nao huelekea kulingana katika mazungumzo ya soko. Lakini mwanabiolojia atakwambia kwamba ngege kwa asili ni spishi mahususi ya ziwa hili, na kwamba sato wengi wanaouzwa leo ni wa spishi iliyoletwa baadaye. Hivyo tuna NGEGE wa sokoni na NGEGE wa maabara, na imetubidi tuwe na visanduku viwili. Omena ndiye aliyetusumbua zaidi. Tanzania humwita dagaa, na kwa dagaa wa Ziwa Victoria ni sawa. Dagaa wa Ziwa Tanganyika, hata hivyo, ni samaki wa jamii nyingine kabisa. Tungeandika tu kwamba omena ni dagaa na dagaa ni omena, hati za Kigoma zingemiminika katika majibu ya maswali ya Homa Bay. Suluhisho letu ni kwamba DAGAA ni aina ya juu, na OMENA iko chini yake pamoja na dagaa wa Tanganyika, kila mmoja mahali pake.

Uamuzi wa aina hii haupatikani katika kitabu. Kwa maoni yangu, mama anayeanika omena kwa miaka ishirini ni mtaalamu wa ngazi ya aina kuliko mhandisi wa programu, na mradi usiomsikiliza utaishia na mchoro mzuri usiojibu kitu.

Je, grafu huchorwa kwa mkono?

Kwa hazina ndogo, ndiyo, angalau mwanzoni, maana hakuna njia nyingine ya kujua ni makosa gani mashine itafanya. Baadaye programu huchambua mofolojia, yaani maumbo ya maneno, hutambua sehemu za sentensi na kupendekeza grafu, na mtu huikagua. Si lazima kila sentensi ichorwe. Katika ripoti ya kurasa kumi, sentensi zinazobeba matukio na madai huwa chache. Nyingine ni salamu na shukrani.

Vipi kuhusu ukanushi?

Grafu za msingi hazina namna ya kusema "si". Sowa, akimfuata Peirce, huizungushia sehemu inayokanushwa fremu ya ukanushi, lakini mara tu fremu hizo zinapoingia, upachikaji wa kawaida hautoshi tena kuthibitisha jambo. Sisi huweka alama ya ukanushi kwenye kisanduku cha tendo na kukataa kukilinganisha na kisicho na alama. Ni mkato, na tunakiri ni mkato. Afadhali huo kuliko kuiacha hati isemayo "omena haikuuzwa" ijitokeze kama ushahidi kwamba iliuzwa.

Haichukui muda mwingi wa kompyuta?

Kwa ujumla, kutafuta upachikaji ni tatizo la kundi gumu ambalo wanahisabati huliita NP-kamilifu: hakuna njia inayojulikana ya kulitatua haraka kwa kila hali. Hilo huwatisha watu kuliko inavyostahili. Ombi likiwa na umbo la mti, yaani bila mizunguko, kazi hukamilika kwa muda unaovumilika, na maombi ya watu wa kawaida karibu yote yana umbo hilo. Pili, si lazima hati zote zilinganishwe. Faharasa ya kawaida ya maneno huchuja kwanza, kisha grafu hufanya kazi juu ya zilizobaki. Mfumo wa RELIEF, ulioelezwa na Iadh Ounis na Marius Pasca mwaka 1998, ulikusudia hasa hilo, kuunganisha uwezo wa kueleza maana na kasi ya utafutaji.

Je, mifumo mikubwa ya lugha haijayafanya haya yote yapitwe na wakati?

Imebadilisha mengi. Vekta za maneno zilizovuma kuanzia mwaka 2013 zilitambua kwamba maneno yanayotumika katika mazingira yanayofanana hukaribiana kimaana, ila ukizijumlisha vekta za maneno ya "Mbuta alimla ngege" na za "Ngege alimla mbuta" unapata jumla ileile, kwa kuwa kujumlisha hakujali mpangilio. BERT, mfumo wa lugha wa mwaka 2018, ambayo toleo lake la lugha nyingi lina Kiswahili ndani yake, husoma neno katika muktadha na hufanya vizuri zaidi. Inachokosa ni maelezo. Afisa wa ugani akiuliza kwa nini hati fulani imewekwa mbele, grafu humwonyesha kisanduku na mshale; vekta humwonyesha orodha ya namba. Katika majaribio yetu vekta hukusanya hati za kuzingatiwa, na grafu huzipanga.

Na Dholuo na Luhya?

Mbinu yenyewe haijali lugha, mradi uwepo uchambuzi wa sarufi na hati za kufanyia kazi. Hati ndizo zilizokuwa haba. Mradi wa Kencorpus, ulioshirikisha Chuo Kikuu cha Maseno, Chuo Kikuu cha Nairobi na Africa Nazarene University, umekusanya matini na sauti za Kiswahili, Dholuo na lahaja za Luhya zikiwemo Lumarachi, Lulogooli na Lubukusu. Kutokana na mkusanyo huo imeundwa KenSwQuAD, yenye jozi 7,526 za maswali na majibu kutoka matini 1,445 za Kiswahili, na watafiti wa humu nchini wamewahi kutumia mitandao ya maana, ambayo ni jamaa wa karibu wa grafu dhana, kujibu maswali ya Kiswahili. Mwanafunzi anayetafuta mada ya tasnifu asiende mbali.

Nianzie wapi?

Anza na maswali kabla ya hati. Kaa kwenye meza ya maktaba au ofisi ya ugani kwa wiki mbili, uandike kila ombi jinsi lilivyotamkwa, kisha uchore grafu za maombi hayo kwa penseli. Utaona haraka ni aina zipi na mahusiano yapi yanayojirudia. Tulianza na mahusiano mengi mno, na mengi yakafutwa kwa sababu hakuna aliyewahi kuuliza swali lililoyahitaji. Baada ya hapo chagua hati hamsini hivi unazozifahamu, uamue mwenyewe ni zipi zinazojibu kila ombi, na upime usahihi (kati ya zilizoletwa, ngapi zinafaa) na ukamilifu (kati ya zinazofaa, ngapi zimeletwa) wa utafutaji wa maneno matupu kabla ya kupima wa grafu. Ukikuta kwa maombi fulani maneno matupu yanatosha, yaache maombi hayo kwenye maneno matupu, na penseli yako uielekeze kwa yale yanayouliza nani alimfanyia nani nini.